Mkwe Wangu Ngwali na Mashine Yenye Maswali

Mkwe wangu Ngwali alikuwa hajui kusema hapana. Simsengenyi. Mama yake mzazi, nilipozungumza naye kwa simu Pemba kabla ya harusi, alinieleza jambo hilo kabla hajanieleza mwanawe amesoma wapi. Alisema akiwa mdogo watoto wa jirani walikuwa wakimtuma dukani vitu vya kwao, na njiani anatumwa tena na wengine, mpaka magharibi mama anamwona anarudi amebeba mafuta ya taa ya nusu ya mtaa, na ya kwao wenyewe ameyasahau.

Mama mwenye binti mmoja husikia habari kama hiyo kwa masikio mawili. Sikio moja lilifurahi, kwa kuwa mwanamume mpole ni neema ndani ya nyumba. La pili likaanza kuniwasha. Nimeishi Marekani vya kutosha kujua kwamba anayekubali kila kitu hupewa zamu za sikukuu za wenzake wote, na mkewe hula Idd peke yake.

Posa ilifanyika hapa hapa Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege, sebuleni kwangu, mwaka 1996. Ndege zilikuwa zinapita juu ya paa kwenda kutua, na kila ikipita moja wazee wananyamaza mpaka imalizike. Kwetu pwani bwana arusi hatii mguu kwenye posa yake, lakini wazee wa Ngwali walikuwa mbali, hivyo alikuja mwenyewe kutoka Houston na rafiki mmoja wa msikitini. Upande wetu msemaji alikuwa kaka yangu Swafwani, dereva wa teksi anayekaa mji wa DeSoto, kwa kuwa babake binti yangu Jannat alikuwa ameshatutoka.

Posa ina raha yake. Upande wa mke unataja haya, upande wa mume unapunguza yale, watu wanacheka, chai inamiminwa tena, na hapo ndipo mnapojuana. Swafwani alikuwa amejiandaa wiki nzima. Akataja la kwanza, Ngwali akakubali. Akataja la pili, akakubali. Mwishowe kaka yangu, kwa kutafuta mabishano tu, akasema bwana arusi lazima aje kumwoshea teksi yake kila Idd, maisha. Ngwali akainamisha kichwa akasema, "Sawa, mjomba."

Swafwani alinifuata jikoni amenuna. "Huyu kijana hana ladha," akasema. "Ni kama kucheza karata na ukuta." Tangu siku ile akawa anamwita Bwana Naam. Na Idd ilipofika, Ngwali aliendesha gari kutoka Houston akaingia DeSoto na ndoo na sponji. Kaka yangu aliona haya, wakaiosha teksi pamoja.

Lakini nisidhulumu. Ndiyo yake hiyo hiyo ndiyo iliyompa kazi. Alipofika Houston alianzia kituo cha mafuta, kisha akaingia kwenye ghala la kampuni ya mizigo karibu na bandari, kazi ya kubeba na kupanga. Siku moja msimamizi alitoka ofisini akauliza nani anaweza kukaa na kompyuta kubwa ya kampuni wakati mtaalamu wake yuko likizo, abadilishe tepu na kuhakikisha haizimiki. Wenzake wakatazama chini. Ngwali akasema anaweza. Alikuwa hajawahi kuigusa. Akaenda maktaba ya mtaa akaazima vitabu, akaviweka garini akavisoma wakati wa chakula, baadaye akajiandikisha chuo cha jioni, na mtaalamu alipohamia kampuni nyingine, Ngwali ndiye aliyebaki anaijua.

Ile kompyuta haikuwa kama hizi za nyumbani. Jannat alinieleza kwamba ni mashine za Unix, za ofisi kubwa, na kila mtengenezaji huuza Unix yake, akaipika kwa namna yake, kiasi kwamba kilichozoea mashine ya huyu hakikubali ya yule mpaka kitengenezwe upya.

Kwa hiyo walioana, na ndoa yao ikawa ya barabarani. Jannat alikuwa anasomea uuguzi Fort Worth na kuishi kwangu. Ngwali alikuwa Houston. Ijumaa baada ya kazi anapanda barabara ya 45, Jumapili anarudi. Kila Jumapili gari likishaondoka Jannat alikuwa akiosha vyombo ambavyo nilikwisha kuviosha. Hakulalamika, nami sikumuuliza, ila niliviona vile vyombo.

Masika ya mwaka 1998 ikaja habari. Kampuni inafungua tawi karibu na uwanja wa ndege, kwa gari ni jirani tu na kwangu. Imenunua mashine mpya ya Unix, ya mtengenezaji mwingine. Bosi wa Houston akamwambia Ngwali hivi: ukiweza kuifanya mashine hiyo ifanye kazi zote za ile ya Houston kabla tawi halijafunguliwa, utabaki huko huko uitunze. Usipoweza, tutaajiri mtu wa huko na wewe utarudi hapa. Ngwali akasema ndiyo, na safari hii nami nikasema ndiyo moyoni.

Shida ilikuwa moja. Programu zote za Houston, za kujua mzigo gani uko wapi na ni wa nani, zilikuwa zimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl. Jannat alinifafanulia kwa mfano wa hospitali. Bibi Mkongo anaumwa, daktari ni wa hapa Texas, hawaelewani mpaka aje mkalimani akae katikati. Mashine ni yule daktari, programu ni yule bibi, na mashine mpya ilikuwa imekuja bila mkalimani. Mkalimani huyo anapatikana bure, lakini haji akiwa mzima. Anakuja kama maandishi tu, maelfu kwa maelfu ya mistari, na inabidi ajengwe ndani ya mashine ile ile atakayoishi, kwa vifaa vilivyomo humo.

Ofisi mpya ilikuwa bado inapakwa rangi, kwa hiyo mashine ilikuja kukaa kwenye meza yangu ya chakula. Ilikuwa nzito, na feni yake ilivuma kama mtu anayeomboleza chumba cha pili. Nikaitandikia kitambaa, na juu yake nikaweka chombo cha maua ili isitishe watu. Ngwali alipotaka kuifungua alikiondoa, alipomaliza akakirudisha pale pale.

Wiki ya kwanza, kwa ruhusa ya bosi, alikaa kwangu akiweka vifaa. Jumamosi asubuhi, baada ya uji, akaanza kumjenga mkalimani mwenyewe. Nilikuwa jikoni nikimwangalia kupitia uwazi wa ukuta, kwani mimi sijui kutomwangalia mtu. Niliona kwamba kabla ya kuanza, mashine inamuuliza maswali. Swali linatokea, Ngwali anabonyeza. Swali jingine, anabonyeza. Ilidumu muda mrefu. Kisha maandishi yakaanza kukimbia juu ya kioo, yakakimbia, yakasimama. Ngwali akakunja uso, akafuta, akaanza tena. Maswali, kubonyeza, maandishi, kusimama.

Hadi adhuhuri alikuwa amerudia vile vile mara kadhaa. Hakugonga meza wala kuguna. Jannat akampelekea chai, akashukuru, akaiweka kando, ikapoa. Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa kuwa huyu ni mtu ambaye akipewa kikombe hunywa hata kama hana kiu. Na Jannat alikuwa amekaa kwenye sofa na kitabu chake cha dawa, muda wote ukurasa ule ule.

Nikachukua vitunguu saumu vyangu vya kumenya, nikavuta kiti mezani.

"Mwanangu," nikamwambia, "hii mashine inakuuliza nini muda wote huu?"

"Mambo mengi, Mama. Ni kawaida yake kabla ya kujenga."

"Na wewe unajibu nini?"

Akatazama vidole vyake. "Ninakubali."

"Yote?"

"Kila swali inakuwa imeshapendekeza jibu lenyewe, Mama. Ukiridhika unabonyeza tu. Naona ni uungwana."

Jannat akacheka bila kuinua kichwa. "Ana-press Enter tu, Mama. Anaiposa hiyo mashine vile vile alivyoniposa mimi."

Nikamwambia aanze upya, na safari hii anisomee kila swali kwa Kiswahili, moja moja. Sikuwa na nia ya kumsaidia, ningemsaidia nini? Nilitaka kujua ni nani anayekaa mezani kwangu na kuhoji watu. Mkwe hamkatalii mama mkwe, hasa mkwe huyu. Akafuta, akaanza.

Nakiri kwamba ile programu ilinipendeza tabia. Kwanza ilihakikisha vitu vyake vyote vimefika salama, kama mgeni anayehesabu mabegi yake. Ikauliza itakaa wapi. Ikauliza watu wakiwa na malalamiko wampelekee nani, Ngwali akaandika anwani yake. Mahali pengine ilijisemea yenyewe kwamba jambo fulani inaliona la ajabu, na Ngwali alipotafsiri hilo nilicheka mpaka kitunguu kikaanguka. Lakini kila jibu alilotaka kulikubali nilimuuliza, "Na hilo unalikubali kwa nini?" Mengine alikuwa na sababu, akanieleza. Mengine alifungua kitabu, akasoma, ndipo akabonyeza.

Tukiwa katikati ya hayo Swafwani akaingia, ametoka uwanja wa ndege, anatafuta chakula. Akatazama mezani: mimi na vitunguu, mkwe anasoma, Jannat amesogea nyuma yetu.

"Bwana Naam anaposa tena?" akauliza. "Na safari hii mbona hamkuniita?"

Nikamwambia akae anyamaze. Akakaa.

Swali lililofuata Ngwali alilisoma kama mengine. "Inauliza itumie kompaila gani."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni kama fundi, Mama. Ndiye anayeyachukua maandishi na kuyafanya kitu kinachotembea. Humu wamo wawili. Mdogo alikuja na mashine, ni wa marekebisho madogo ya ndani, kazi hii haiwezi. Mkubwa nimemweka mimi wiki hii, ndiye aliyenisumbua tangu Jumatatu."

"Na yenyewe inapendekeza yupi?"

Ndege ikapita, na hata ilipokwisha kupita alikuwa bado anatazama kioo.

"Mdogo," akasema.

"Na wewe siku nzima umekuwa ukiijibu nini?"

"Nimekuwa nikiiambia sawa."

Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akilijua jambo lile vizuri kuliko sisi sote, wiki nzima alihangaika kumleta yule fundi mkubwa kwa sababu hiyo hiyo. Ila aliulizwa kwa adabu, jibu likiwa limeshawekwa mbele yake kama sahani, na kidole chake kikakubali kabla yeye hajafika. Swafwani ndiye aliyeanza kucheka, cheko la tumboni la kutikisa kiti, akasema na mashine nayo ingemwambia aioshe kila Idd angeiosha. Jannat akacheka, nami nikacheka, na mwishowe Ngwali mwenyewe akaweka paji la uso juu ya meza, mabega yakitikisika.

Kisha akainuka, akafuta machozi, akaandika jina la yule fundi mkubwa. Alipokuwa anaandika alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwelekeza mtoto asiyemchukia, "Hapana. Tumia huyu."

Nilikuwa nimemjua miaka miwili. Lilikuwa neno geni kabisa kinywani mwake, na alilisema vizuri.

Tangu hapo maswali yakabadilika. Hakuyakataa yote, mengi aliyakubali, lakini aliyasoma kwanza. Palipotokea pa kukataa alikataa, na kila akikataa Swafwani alikuwa akiitikia "Alaa" kwa sauti ya mtu anayetuza ngomani. Maswali yakaisha. Maandishi yakaanza kukimbia. Yalifika pale yaliposimama mwanzo, sote tukajua ndipo hapo kwa jinsi Ngwali alivyokaza shingo, yakapita.

Ilijenga muda mrefu. Nilipika wali, nikapika samaki, ikawa bado inajenga. Hatukula mezani, tulikula tumejipanga kwenye sofa, sahani magotini, tukiitazama. Ilipomaliza, Ngwali akasema bado kuna mtihani. Mkalimani anapewa mazoezi, moja moja, ya kuhesabu, ya kupanga maneno, ya kufungua na kufunga mafaili, na kila analofaulu mashine huandika jina la zoezi, nukta nyingi, halafu ok.

Swafwani akajipa kazi ya kuzisoma ok. Alizisoma kama mtangazaji wa mpira. Zoezi likichelewa anashusha sauti, anasema mchezaji amebaki peke yake na kipa, Jannat anamkanyaga mguu. Palitokea moja ambalo mashine iliandika kwamba imeliruka. Nikauliza kama ndiyo mwisho. Ngwali akaniambia kwa upole kwamba zoezi hilo ni la mashine za aina nyingine, halituhusu. Sikumwamini mpaka nilipoziona ok zikiendelea kushuka, na mwisho kabisa mstari ambao Jannat aliutafsiri akiwa amesimama: mazoezi yote yamefaulu.

Nilipiga vigelegele. Sikupanga, vilitoka. Jannat akaviitikia, na Swafwani akapiga meza mpaka nikakimbilia chombo changu cha maua. Mara mlango ukagongwa. Alikuwa Généreuse, jirani yetu Mkongomani wa ghorofa ya juu, kitambaa kimefungwa haraka kichwani, anauliza ni arusi ya nani na mbona hakualikwa. Swafwani akamwonyesha mashine. Généreuse akaitazama, akamtazama kaka yangu, akasema bibi arusi ana kelele, akaketi akapakuliwa samaki.

Jumapili nzima Ngwali alizijaribu programu za Houston, zikaenda. Hakusafiri usiku ule, bosi alikuwa amempa Jumatatu ya kumalizia. Jumatatu mchana simu ikalia.

Tulisikia upande wake tu. Yes, sir. Yes, sir. Thank you, sir. Alikuwa anatabasamu, kisha nikaona tabasamu limebaki usoni lakini macho yameliacha. Jannat, ambaye Kiingereza cha simu anakisikia hata kwa mbali, alisogea akashika mgongo wa kiti. Akaninong'oneza kwamba bosi amefurahi mno. Amefurahi kiasi kwamba anamtaka arudi Houston awajengee na mashine nyingine zinazonunuliwa, na hili tawi watampa mtu mwingine.

Nilimtazama mkwe wangu. Nilijua nini kinakuja, kama anavyojua mtu aliyekwisha kukiona kikombe kimefika ukingoni mwa meza. Nilitamani kumnyang'anya ile simu na sikuwa na Kiingereza cha kuitumia. Jannat alikuwa haombi kitu, amesimama tu.

"No, sir," akasema Ngwali.

Nadhani bosi naye hakuamini, kwa kuwa Ngwali ilibidi aseme tena. Akasema taratibu, bila ukali, maneno ambayo Jannat alinitafsiria baadaye: tulikubaliana nikiweza nitabaki, nimeweza, mke wangu yuko hapa, ninabaki. Mashine za Houston nitazishughulikia nikiwa hapa kwa laini ya simu, na ikilazimu nije kwa siku chache nitakuja.

Halafu akangoja. Feni ikavuma. Upande wa pili mtu akazungumza kidogo, akanyamaza, akazungumza tena. "Thank you, sir," akasema Ngwali, akaweka simu chini.

"Amesema sawa," akatwambia. "Mimi ni wa hapa."

Jannat alimkumbatia mbele yangu, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, nami nikaingia jikoni nikafungua maji ya bomba, kwa kuwa mama mkwe hatakiwi kulia kwa sauti.

Alileta nguo zake kutoka Houston mwisho wa mwezi. Mimi nilikuwa sijakaa bure. Nyumba iliyopakana na yangu ilikuwa imehamwa, nami nilikwisha kuzungumza na meneja wa fleti asiwape watu wengine. Ukuta wa jiko lao ungekuwa ukuta wa jiko langu. Mtoto akija, akilia ningemsikia nikiwa kitandani. Nilisubiri Jumapili, Swafwani akiwepo, nikaitangaza hiyo habari kwenye chakula kama zawadi.

Ngwali akaweka kijiko chini.

"Hapana, Mama," akasema. "Tunashukuru sana. Tutakaa karibu, lakini si ukuta kwa ukuta."

Jannat alitazama sahani yake. Kaka yangu alitazama dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Lilinichoma, sitaficha, na jibu lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini nilimwona mkwe wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima zake zote, jasho limemtoka puani, na neno lake hajalirudisha.

"Karibu wapi?" nikauliza.

"Ng'ambo ya barabara, Mama. Fleti zile nyuma ya duka la matairi."

"Dirisha lenu la sebuleni linaonekana kutoka kwangu?"

Swafwani hakuweza tena, alianza kukohoa wali. Ngwali aliinua macho akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona utani ndani yake.

"Nimeshalikagua, Mama," akasema. "Halionekani."